Mtoto Asiyeshika Masomo: Namna ya Kumtambua na Kumpatia Msaada

Somo kwa walimu, wakatekista na wazazi



Katika kila darasa yumo mtoto mmoja au wawili ambao hawashiki masomo kama wenzao. Mwaka unapita, nao wangali wanachanganya herufi zilizofundishwa mwezi wa kwanza. Jirani zao husema, «Huyu ni mvivu.» Wengine husema, «Huyu ni mjinga, kwa nini kumlipia madaftari?» Tena wako wanaosema neno baya kupita hayo yote: «Huyu amerogwa,» au, «Huyu ndiye mchawi.»

Tangu Septemba 2019, Serikali yetu ilipotangaza ya kuwa shule ya msingi haina malipo, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia shuleni. Hilo ni jambo la furaha. Lakini madarasa yamejaa, na mtoto mdhaifu apotea upesi katikati ya watoto wengi. Kwa hiyo yatupasa kujua tufanye nini tunapoona shaka juu ya mtoto wa namna hii. Somo hili laeleza mambo hayo moja baada ya jingine.

I. WATOTO HAWA NI AKINA NANI?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Wako watoto ambao akili yao yote yakua polepole. Wamechelewa kutembea, wamechelewa kusema, na hata katika michezo na kazi za nyumbani waonekana wadogo kuliko umri wao. Hao waweza kujifunza, lakini kwa hatua fupi na kwa muda mrefu.

Wako na wengine ambao akili yao ni nzima, hata pengine ni kali kabisa, ila katika jambo moja tu wanashindwa. Mmoja asimulia hadithi vizuri, lakini hawezi kusoma mstari mmoja. Mwingine asoma vema, lakini hesabu zamshinda, hata kujua kama 7 ni kubwa kuliko 5. Mwingine aelewa yote akisikia, lakini mkono wake hauwezi kuyaandika. Mwingine tena hawezi kutulia: macho yake yaenda dirishani, mwili wake wacheza, na neno la mwalimu lampita kabla hajalishika.

Shida ya kusoma wataalamu huiita disleksia. Neno hilo lilitumiwa mara ya kwanza na mganga wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, katika miaka ya 1880, kwa ajili ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma. Mwaka 1896 mganga Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na akili nyepesi, aliyeweza hesabu, lakini hakuweza kusoma ingawa alifundishwa kwa miaka mingi. Mwalimu wa mvulana huyo alikuwa ameona ya kuwa kama mafundisho yote yangekuwa ya mdomo tu, kijana yule angewashinda wenzake wote. Tangu siku hizo elimu imeendelea sana, nasi twajua ya kuwa ubongo wa mtoto wa namna hii hushughulikia sauti na herufi kwa njia nyingine. Si uvivu, si malezi mabaya, wala si adhabu. Mara nyingi jambo hili huonekana katika ukoo: baba naye, au mjomba, alishindwa kusoma.

Wataalamu wengi huhesabu ya kuwa katika watoto 100, watoto 5 hata 10 wana shida hiyo kwa kadiri fulani. Basi, mwenye darasa la watoto 60 asishangae akiwaona watatu, hata sita. Hao ni wanafunzi wetu kama wengine.

II. MAMBO YANAYOFANANA NA ULEMAVU HUO

Kabla ya kusema, «Mtoto huyu ana ulemavu wa kujifunza,» sharti tuulize kama hakuna sababu nyingine. Mara nyingi sababu ipo, tena pengine yaweza kuondolewa kwa urahisi.

1. Masikio. Mtoto ambaye sikio lake hutoka usaha mara kwa mara hasikii vizuri. Yeye hujibu «ndiyo» kwa kila swali, huangalia midomo ya mwalimu, au hungoja aone wenzake wanafanya nini. Jaribuni hivi: msimame nyuma yake, mbali kwa urefu wa mkono, naye azibe sikio moja kwa kidole. Mnong'one maneno matatu mepesi, naye ayarudie. Kisha mbadili sikio. Akishindwa, apelekwe kwa mganga.

2. Macho. Mtoto anayekunja uso, anayesogeza daftari karibu na pua, au anayenakili vibaya kutoka ubaoni ingawa kwenye daftari la jirani yake anakili vema, huenda haoni mbali. Andikeni herufi kubwa ubaoni, mmsimamishe hatua chache mbele ya ubao, kisha nyuma ya darasa, mkalinganishe majibu yake.

3. Magonjwa ya mwili. Mtoto mwenye njaa, mwenye minyoo au mwenye upungufu wa damu husinzia. Mtoto aliyepona malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo pengine hubaki na udhaifu wa kukumbuka; kwa hiyo tumwulize mama yake kama mtoto aliwahi kulazwa akiwa amepoteza fahamu. Tena kuna kifafa kisichoangusha mtu: mtoto akodoa macho kwa muda mfupi, haitiki, kisha aendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu hufikiri ya kuwa anaota ndoto mchana. Kifafa si ugonjwa wa kuambukiza, wala povu lake halimdhuru anayeligusa, nacho kina dawa.

4. Upungufu wa madini ya iyodi. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, waganga wa Ubelgiji walichunguza tangu miaka ya 1960 ugonjwa wa tezi la shingo uliowashika watu wengi. Ilionekana wazi ya kuwa mama mja mzito akikosa iyodi, ubongo wa mtoto waweza kuharibika kabla hajazaliwa. Kinga yake ni chumvi iliyotiwa iyodi. Chumvi hiyo haiponyi mtoto aliyekwisha kuumia, lakini yawaokoa ndugu zake watakaozaliwa. Basi kufundisha akina mama habari ya chumvi ni kazi yetu pia.

5. Lugha. Hapa twapaswa kuangalia sana. Huenda mtoto asema Mashi au Kibembe nyumbani, Kiswahili sokoni, na darasani asikia Kifaransa. Akishindwa kwa Kifaransa tu, huo si ulemavu. Ni ugeni wa lugha. Tumpime kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Tena tujue ya kuwa Kiswahili ni rahisi kusoma, maana kila vokali ina sauti moja tu: ukiona «a», ni «a» daima. Katika Kifaransa sauti moja ya «o» huandikwa «o», «au» au «eau». Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia pengine husoma Kiswahili bila makosa mengi, lakini polepole mno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Na siku Kifaransa kinapoanza, yote yamwangukia. Basi katika Kiswahili tusihesabu makosa tu. Tuangalie na mwendo wake.

6. Huzuni na hofu. Katika nchi yetu, hasa upande wa mashariki, watoto wengi wamekimbia vita, wamelala porini, wamewapoteza wazazi. Mtoto aliyeona hayo hawezi kutuliza akili yake mbele ya ubao. Yampasa kwanza aone usalama, aitwe kwa jina lake, apate mtu mzima anayemsikiliza.

III. KUMWANGALIA MTOTO KWA DAFTARI

Tukiisha kuona shaka, tusikimbilie kutoa hukumu. Haraka haraka haina baraka. Mwalimu atafute daftari dogo, na kwa muda wa majuma sita aandike mara mbili kila juma aliyoyaona. Asiandike, «Mtoto huyu ni dhaifu,» maana neno hilo halimsaidii mganga wala mzazi. Aandike jambo lenyewe:

«Jumatatu: ameombwa kusoma ba, be, bi, bo, bu. Amejua ba na bu tu.»
«Alhamisi: amesimulia mfano wa Msamaria mwema kwa mdomo bila kosa. Ameshindwa kuandika sentensi moja.»
«Jumanne: kwa mawe ameweza 4 na 3. Kwa tarakimu ameshindwa.»

Tena aandike yale ambayo mtoto ayaweza: kuimba, kuchunga mbuzi bila kupoteza hata mmoja, kutengeneza gari la waya, kuwatunza wadogo zake. Yale anayoyaweza ndiyo mlango wa kuingilia. Baada ya majuma sita, daftari hilo litaonyesha kama shida ni ya siku zote au ya majira tu, na kama ni ya masomo yote au ya somo moja.

IV. KUSEMA NA WAZAZI

Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu kazi. Humwita mzazi siku ya kugawa buletini, mbele ya watu, na kumwambia, «Mtoto wako hana akili.» Mama huona haya, baba hukasirika, na jioni mtoto hupigwa. Kesho yake harudi shuleni.

Yafaa mwalimu aende mwenyewe nyumbani, saa ya utulivu, asalimu kwa adabu, akae, aulize habari za jamaa. Kisha aanze kwa jema. Tazameni mfano huu:

Mwalimu: Mama, nimekuja kwa sababu ya mtoto wetu. Kwanza nakushukuru: ni mtoto mwenye heshima, tena hujua kuimba kuliko wote.
Mama: Asante, Mwalimu. Lakini najua umekuja kwa ajili ya pointi zake. Baba yake amesema heri aache shule.
Mwalimu: Mama, nimemwangalia majuma sita. Sikuona uvivu. Nimeona ya kuwa herufi zamchanganya. Alipokuwa mdogo, alianza kusema lini?
Mama: Alichelewa, Mwalimu. Wadogo zake walimtangulia. Na akiwa na miaka mitatu alilazwa kwa malaria, alikuwa hanijui.
Mwalimu: Umefanya vema kuniambia, Mama. Habari hiyo tumweleze mganga. Tutakwenda pamoja kituo cha afya siku itakayokufaa.

Angalieni: mwalimu hakutaja jina la ugonjwa, maana yeye si mganga. Alisema «mtoto wetu». Aliuliza, akasikiliza, akaahidi kwenda pamoja. Mzazi asiyeachwa peke yake hapotei njiani.

Je, jamaa wakisema ya kuwa mtoto ni mchawi? Hapo mwalimu asinyamaze. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto humwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, kwa kifungo cha mwaka mmoja hata mitatu pamoja na faini. Watoto wengi waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo wamekuwa wa kulala njiani. Mwalimu aeleze kwa upole lakini kwa uthabiti, akawaite padri na wazee wenye busara wamsaidie. Mtoto anayeanguka kifafa apelekwe hospitali. Asipelekwe kwa mtu wa kumfunga na kumnyima chakula ili «pepo» atoke.

V. NANI ATATUSAIDIA?

Msaada una ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni sisi wenyewe shuleni: mwalimu, mkuu wa shule, na mwalimu aliyemfundisha mtoto mwaka uliopita. Ngazi ya pili ni kituo cha afya, kwa masikio, macho, damu na minyoo. Ngazi ya tatu ni hospitali kubwa, kwa kifafa na magonjwa ya ubongo. Ngazi ya nne ni vituo vinavyojua kazi hii, navyo si vingi, tena viko zaidi mijini. Bukavu kimejulikana kwa miaka mingi kituo cha Heri Kwetu, kinachowahudumia watu wenye ulemavu na watoto viziwi; na Goma kituo cha Shirika la Umoja. Mabruda wa Karita, shirika lililoanzishwa na Kanoni Triest mjini Gent mwaka 1807, wana hospitali ya magonjwa ya akili huko Bukavu iitwayo SOSAME. Aliye mbali na miji hiyo aulize paroko au ofisi ya Caritas ya jimbo lake. Mara nyingi hao wajua mlango wa kubisha.

Tunapokwenda huko tuchukue lile daftari letu. Mganga anayemwona mtoto kwa robo saa hawezi kujua tuliyoyaona kwa majuma sita.

Tujue pia ya kuwa msaada huu si sadaka tu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu, na haki ya kujifunza ni mojawapo. Shule isimfukuze mtoto kwa kuwa ni mzito wa kusoma.

VI. KAZI YA DARASANI

Wengi watasema, «Hapa kijijini hakuna mtaalamu.» Ni kweli. Lakini mambo mengi yanayomsaidia mtoto huyu hayahitaji fedha.

Maria Montessori, mganga wa Italia, aliwafundisha kwanza watoto waliohesabiwa kuwa hawana akili, kabla hajafungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Aliwafanya waguse herufi kwa vidole. Hapo Ubelgiji, mganga Ovide Decroly naye alianzisha mwaka 1901 nyumba ya kuwafundisha watoto wenye shida, akifuata vitu wanavyoviona na kuvipenda. Sisi nasi tuna mchanga, udongo wa mfinyanzi, maharagwe na mawe. Basi:

Kwanza, mtoto akae mbele, karibu na mwalimu, mbali na mlango.

Pili, ajifunze herufi moja kwa mwili wote: aione, aitamke, aichore mchangani kwa kidole, aifinyange kwa udongo. Asipewe ya pili kabla hajaishika ya kwanza. Herufi zinazofanana, kama b na d, zisifundishwe siku moja.

Tatu, apige makofi kwa kila silabi: ma-ha-ra-gwe. Mchezo huu wafundisha sikio kutenganisha sauti, na darasa lote hufaidika.

Nne, ahesabu kwa mawe kabla ya tarakimu.

Tano, apewe dakika kumi kila siku, si saa nzima mara moja kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Sita, apewe mwenzake mpole wa kusoma naye. Lakini mwenzake huyo asigeuke kuwa bwana wake.

Saba, aulizwe kwa mdomo yale asiyoweza kuyaandika, na siku ya mtihani aongezewe muda. Asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wote kabla hajajitayarisha.

Nane, fimbo iachwe. Fimbo haijafungua sikio lililoziba, wala haijanyosha herufi zinazochanganyika. Na kurudia mwaka peke yake hakusaidii kitu, kama mwaka wa pili utafundishwa sawasawa na wa kwanza.

VII. MTOTO HUYU NA KATEKISIMU

Wazazi huuliza, «Mtoto asiyejua kusoma, ataweza kupokea Komunyo ya kwanza?» Jibu ni wazi. Kanisa halidai kusoma na kuandika. Mwaka 1910 Papa Pius X alieleza ya kuwa yatosha mtoto ajue, kwa kadiri ya akili yake, mambo makubwa ya imani, na atambue ya kuwa mkate huu si mkate wa kawaida. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, yawaamuru maparoko wahakikishe ya kuwa watu wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu.

Tena tukumbuke namna Bwana wetu alivyomtendea yule bubu-kiziwi katika Injili ya Marko, sura ya 7. Hakumponya katikati ya umati. Alimtenga kando, wao wawili tu. Akatia vidole vyake masikioni mwake, akagusa ulimi wake. Alisema naye kwanza kwa ishara, maana mtu yule hakuweza kusikia maneno. Mwalimu anayemtenga mtoto kando kwa dakika kumi, asimwaibishe mbele ya watu, na kutumia mkono mahali ambapo neno halifiki, yuko katika njia hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Katika darasa langu, ni nani ambaye sijasikia sauti yake juma hili?
2. Je, nimepima masikio na macho yake kabla ya kumhukumu?
3. Nampima kwa lugha gani: kwa ile ya mama yake, au kwa ile ambayo ni mgeni kwake?
4. Ni jambo gani ambalo mtoto huyu analiweza, nami naweza kuanzia hapo?
5. Nilipofika mwisho nyumbani kwa wazazi wake, nilikwenda kushitaki au kuulizana?
6. Kituo cha afya na kituo cha watoto wenye ulemavu kilicho karibu nasi kiko wapi, na nani atakayetuandikia barua?

Ndugu walimu, vidole vya mkono havilingani, lakini vyote hushika jembe. Mtoto anayechukua miaka mitatu kujifunza kilichochukua mwenzake mwaka mmoja hajapotea, mradi tusimwache njiani. Anzeni juma hili na mtoto mmoja tu, na daftari moja.